Okito Alichoma Kurasa Zangu za Mwezi

"Citoyenne, haya makaratasi ya Amerika njo ya nini?"

Mkononi mwa Kabeya, mtu wa Chama tawala, kulikuwa na barua ya kunishitaki kuwa jasusi.

Mwandiko niliujua...

Ulikuwa wa Okito. Mchumba wangu!

Wajukuu zangu mnaonisoma, hiyo ilikuwa Kindu, mwaka 1976, enzi tulipoitana citoyen na citoyenne, yaani raia. Wamarekani waliacha mashine kwenye Mwezi za kusikiliza matetemeko yake. Profesa mmoja wa Kinshasa alitutumia, mimi na Okito, nakala za michoro ya matetemeko hayo. Alitutaka tupange matetemeko yanayofanana. Mwenye daftari bora angesomeshwa Kinshasa.

Nafasi moja tu!

Miezi minne nilinakili mistari kwenye karatasi nyembamba, nikaibandika dirishani, mmoja juu ya mwingine, nione kama inalingana.

"Ni ya masomo, citoyen," nilijibu.

"Mimi nakuamini, mama. Lakini chef, mukubwa wangu, iko Punia. Utabaki hapa mpaka arudi."

Kabeya akanipa kiti chake, yeye akakaa chini. Sijamsahau.

Siku tano nilizuiwa mle! Nilipotoka, michoro ilibaki kwa Chama. Daftari langu nilikuwa nimempa Okito anipelekee posta. Alikuwa amelipeleka kwa jina lake...

Nililia mpaka sauti ikakauka.

Baada ya miezi miwili Okito akaja mbio kwetu, mtaa wa Alunguli, barua ya profesa mkononi.

"Tshiela! Ulinipa daftari bovu!"

"Nilikupa ulipeleke kwa jina langu! Mwizi we!"

"Profesa amenikataa! Anasema hakuna hata tetemeko moja linalorudi!"

Nikashangaa.

"Na zile kurasa kumi na moja za mwisho?"

"Nilizitoa. Ulikuwa umerudia tetemeko moja mara kumi na moja, kama mutoto wa shule. Nikasafisha kazi."



"Okito... sikurudia mimi. Ni Mwezi! Mahali palepale, umbo lilelile, karibu kila siku ishirini na saba. Njo kitu profesa alikuwa anatafuta!"

Akaisoma tena barua ya profesa.

"Kurasa ziko wapi?" nikamwuliza.

"...Nilizichoma."

Mwaka ule Kindu haikupeleka mtu. Nafasi ilikwenda kwingine, nami nikashona nguo maisha yangu yote.

Wajukuu, kazi zenu zipelekeni posta kwa mikono yenu, hata kama anayejitolea kuzipeleka ni mchumba. Okito angeiba daftari zima, leo ningekuwa na hasira tu. Lakini aliiba asichokielewa, akatupa kilichokuwa na maana. Hiyo ndiyo inauma mpaka leo.