Pikipiki ya Nesi wa Mlimani

Nesi alikuwa ameshavuka daraja. Nyuma yake sanduku la chanjo, limefungwa kwa mpira. Mbele yake mlima. Chini yake pikipiki ya kuazima, ya kuendea sokoni kwenye lami, tairi zake zimeisha zikawa kama kipara.

Alipanda. Pikipiki ikateleza, ikarudi. Akapanda tena. Safari hii ikalala ubavu kwenye matope, naye akalala nayo. Mfuniko wa sanduku ukafunguka, barafu ikamwagika njiani. Na chanjo ikishapata joto, haifai tena.

"Mara ya pili hii zinaharibika," alisema peke yake. Hakulia. Alikuwa amechoka hata kulia.

Kule juu akina mama walikuwa wanamngoja, watoto mgongoni. Na mkuu wa zahanati alikuwa ameshatamka: chanjo zikiharibika mara ya tatu, huduma ya mlimani inafungwa. Akina mama watashuka wenyewe kwa miguu. Nesi aliwajua. Wengi wasingeshuka.

Jioni alifika nyumbani na matope hadi kwenye nyusi. Mumewe, seremala, alikuwa anapiga randa.

"Basi tununue pikipiki ya porini," alisema mumewe. "Akiba ipo. Tuchukue ile ya bei nafuu pale dukani. Pikipiki ni pikipiki, zote zina magurudumu mawili."

"Kaka, rahisi ni ghali!" alidakia mdogo wa seremala. Watu walimwita Mjuaji, naye alidhani wanamsifu. "Nunua ile nyeupe, ya mashindano. Ukiigusa tu, imefika."

"Imefika wapi?" aliuliza Nesi.

"Popote, shemeji."

Wiki ikaisha kwa mabishano. Mara mbili walikwenda dukani wote watatu. Seremala alikalia ile ya bei nafuu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatoa futi kamba yake, akapima urefu na upana, akaandika kwenye kiganja. Mjuaji alikalia ile nyeupe, akashika usukani, akaunguruma kwa mdomo kama mtoto. Nesi alisimama pembeni, amewashikia makoti.

"Shemeji, mbona kimya?" aliuliza Mjuaji.

"Sijaipanda hata moja."

"Ah! Utaizoea tu."

Hapo Nesi akayatupa makoti chini. "Hivi nyie, mmekuja kununua pikipiki au kupigwa picha? Nani anakwenda mlimani? Nani alilala kwenye matope? Nimechoka nanyi!"

Akatoka, akaenda moja kwa moja kwa fundi wa pikipiki. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mikono myeusi kwa grisi, watu humwita Mama Spana. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Mdogo wangu," alisema, "pikipiki hainunuliwi kwa macho. Mwenye duka ni mteja wangu. Kesho atatuazima zote mbili tuzijaribu. Njoo na sanduku lako. Lijaze chupa za maji, liwe zito kama siku ya kazi. Na hao mabwana waje."

Kesho yake walikusanyika nyuma ya gereji, penye mteremko wa mawe. Nesi alianza na ile nyeupe. Kukaa tu, vidole vya miguu vikaning'inia. Ikaondoka vizuri, laini kabisa. Lakini aliposimama kwenye jiwe la kwanza, mguu ulitafuta ardhi, ukaikosa. Puu! Chini.

Mjuaji akakimbia kusaidia.

"Kaa hapo hapo!" alifoka Mama Spana. "Mlimani utakuwepo? Mwache aiinue mwenyewe."

Nesi alivuta, alisukuma. Haikuinuka.

"Pikipiki hii haina kosa," alisema Mama Spana. "Shokapu zake zinameza mawe, breki zinashika barabara. Lakini imetengenezwa kwa mbio. Oili yake inabadilishwa baada ya saa chache tu za kazi. Ukiiendesha kila siku, pistoni nayo haikawii kuisha. Spea zinaagizwa mbali. Ikiharibika, unangoja mwezi. Je, watoto watangoja?"

Seremala akacheka. "Si nilisema mimi?"

"Wewe nawe subiri zamu yako."

Nesi akapanda ile ya bei nafuu. Miguu ikakanyaga chini, nyayo zote mbili. Aliilaza makusudi, akaiinua peke yake. Lakini katikati ya mteremko tairi la nyuma likazunguka bure, cheni ikapiga kelele, na kitu kikadondoka. Mama Spana akakiokota, akamwekea seremala kiganjani. Ilikuwa nati.

"Haina hata siku moja," alisema. "Bei nafuu maana yake kuna kazi haikumaliziwa kiwandani. Inabidi tuimalize sisi. Dukani ulipima nini, baba?"

"Kama itaingia mlango wa stoo. Inaingia."

"Na mguu wa mkeo?"

Seremala, ambaye hupima ubao mara mbili ndipo akate, aliigeuzageuza ile nati kiganjani.

"Anza na anayeendesha," alisema Mama Spana. "Halafu njia anayopita. Halafu fundi na spea, vipo karibu? Bei iulize mwisho. Huyu inamfaa ya bei nafuu. Ila pesa inayobaki si ya kuchezea. Weka tairi za meno, cheni imara, kofia ngumu, buti. Nati zote zikazwe kabla haijatoka hapa, na tena baada ya wiki. Angekuwa mrefu, anabeba mizigo mizito kila siku, ningesema ongeza pesa, tafuta ya ghali. Lakini ya safari, si ya mashindano."

"Mke wangu, nimekosa," alisema seremala.

"Shika spana," alijibu Nesi. "Utaniomba radhi huku unakaza."

Safari ya tatu Nesi aliondoka alfajiri kwa pikipiki mpya. Mawe yalikuwa yale yale, matope yale yale. Alianguka mara moja, akaiinua, akaendelea. Alifika saa tatu asubuhi. Alipofungua sanduku, barafu ilikuwa bado ngumu. Watoto thelathini na mmoja walichanjwa siku ile.

Huduma ya mlimani haikufungwa. Pikipiki ina miaka mitatu sasa. Imebadilishwa cheni mbili, tairi na kebo ya klachi. Seremala hukaza nati kila Jumamosi. Mjuaji aliinunua ile nyeupe mwenyewe, akaiendesha miezi minne, akaiuza kwa mtu wa mashindano, na huyo inamfaa. Mkuu wa zahanati amestaafu, anafuga nyuki. Mama Spana bado yuko gerejini kwake, na hana muda wa wabishi.