Nani Anainamisha Miche ya Nyanya?

Mimi ni fundi baiskeli. Pancha naziba, spoku nanyoosha, na hakuna gurudumu lililowahi kuninunia. Lakini msimu ule walininunia watu wawili kwa mpigo: mama yangu na mke wangu. Ukisikia mtu anasema hilo ni jambo dogo, huyo bado hajaoa.

Mama alihamia kwetu baada ya nyumba yake kubomolewa na mvua. Anauza ndizi mbivu. Ananunua mikungu mibichi, anakata vichana, anavipanga stoo na kuvifunika kwa turubai. Zikiwa za njano, anabeba beseni kwenda sokoni.

Mke wangu naye anaotesha miche ya nyanya kwenye trei na kuwauzia wakulima. Huko nje kuku wetu wanafukua kila kitu. Kwa hiyo trei zake nazo nilizipanga stoo, kwenye rafu ya dirishani. Nikajiona bingwa. Stoo moja, biashara mbili!

Asubuhi moja mke wangu alinijia nikiwa nimeshika pampu.

"Baba watoto, hebu njoo uone."

Miche ilikuwa imeinama. Haikuwa imenyauka, la. Majani yalikuwa mabichi, ila yote yameangalia chini kama mtoto aliyefokewa. Machache ya chini yalikuwa yameanza kugeuka njano.

"Kiu hiyo," nikasema.

"Kiu gani? Jana nimemwagilia."

Hata hivyo alichukua kopo, akamwagilia tena. Kesho yake miche iliinama zaidi. Akamwagilia zaidi.

"Humu stoo anaingia nani mwingine?" akaniuliza, macho yake yakiwa ukutani.

Nilijua jibu analolitaka. Nikajifanya natafuta spana.

Tangu hapo nyumba ikaharibika. Mke wangu alimwaga majivu sakafuni ili aone nyayo. Akaziona.

"Nyayo za mama yako hizi. Amesimama hapa, mbele ya rafu."

"Ndizi zake si zimo humuhumu?"

"Ndizi ziko kule. Kwenye rafu yangu alifuata nini?"

Akawa anachungulia stoo kila mara. Anafungua mlango, anafungua dirisha, anainusa hewa. Hata sufuria jikoni alikuwa haiachi peke yake.

Na mama, kusema kweli, alikuwa na mambo yake. Nilimwona akiingia stoo na kitu amekificha kwapani. Akafunga mlango kwa ndani. Nilipomuuliza alinijibu, "Mambo ya biashara hayo, mwanangu. Wewe ziba pancha zako." Jamani, nilitamani kulala kwenye karakana.

Siku moja mama akiwa sokoni, nilisikia ukelele. Nikatupa kiraka, nikakimbia. Mke wangu alikuwa amefunua turubai. Katikati ya vichana palikuwa na kitu cha mviringo, kimefungwa kwa kitambaa cheusi na kukazwa kwa uzi.

"Si nilikwambia? Si nilikwambia?" Akakinyooshea kidole. "Huo ni uchawi!"

"Nani amefunua turubai langu?"

Ilikuwa sauti ya mama, mlangoni, beseni tupu mkononi.

"Mama, umefunga nini humu?" mke wangu akauliza.

"Hayakuhusu."

"Yananihusu! Miche yangu inakufa!"

Mama aliweka beseni chini. "Kumbe ndiyo maana ya majivu," akasema. "Naitwa mchawi nyumbani kwa mwanangu. Haya. Kesho naondoka."

Akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake. Aondoke aende wapi? Nikimzuia, mke atasema nimemkingia kifua mchawi. Nikinyamaza, nimemfukuza mzazi wangu. Nikapanda baiskeli, nikamfuata bibi shamba.

Bibi shamba ndiye mtaalamu wa kilimo wa eneo letu. Ni mama mmoja mpole wa mwendo, mkali wa maneno. Alisikiliza yote, kisha akaja stoo na kumwita mama.

"Mama, unaniruhusu nifungue?"

"Fungua. Siri yenyewe imeshavuja."

Akakata uzi. Ndani ya kitambaa mlikuwa na papai bivu, laini, linanukia stoo nzima.

"Papai?" mke wangu akasema.

"Papai, ndiyo. Marehemu mama ndiye aliyenifundisha. Weka tunda lililoiva katikati ya mabichi, yote yataiva upesi. Ningelibeba wazi, kesho soko zima lingejua."

Bibi shamba akacheka. "Marehemu alikuwa sahihi. Tunda likiiva linatoa hewa. Huwezi kuiona. Inaitwa ethilini, ni homoni ya mimea."

"Homoni ndiyo mdudu gani?" nikauliza.

"Si mdudu. Ni ujumbe. Mmea hauna mdomo, basi unatengeneza kemikali kidogo sana ndani yake, na kemikali hiyo inaamrisha sehemu nyingine. Iko homoni ya kurefusha shina. Umeona mche wa dirishani unavyopinda kufuata mwanga? Ni kazi yake. Iko nyingine ya wakati wa ukame. Inayaambia majani yafunge vitundu vyake ili maji yasipotee. Na hii ethilini inaliambia tunda: iva."

"Sasa nyanya zangu zinahusikaje? Hazina hata tunda," mke wangu akasema.

"Ndiyo maana. Tunda likipata ethilini linaiva. Jani la nyanya likipata ethilini hiyohiyo linainama, linazeeka, mwisho linaanguka. Hapa umeifungia miche pamoja na ndizi zinazoiva. Inavuta hewa hiyo mchana na usiku."

Mke wangu akaruka. "Kwa hiyo ni ndizi zake!"

"Taratibu, mama." Bibi shamba alinyanyua trei moja. Maji yakachuruzika. Akachomoa mche, mizizi yake ilikuwa myeusi na inanuka. "Haya maji ameweka nani?"

"Mimi," mke wangu akasema. "Ilikuwa inainama."

"Udongo ukijaa maji, mizizi inakosa pumzi. Mmea ukipata shida hiyo, unatengeneza ethilini yake wenyewe. Unainama zaidi. Wewe unaona kiu, unaongeza maji. Ulikuwa unautibu ugonjwa kwa ugonjwa."

Mke wangu akakaa juu ya gunia. Hapo mama akakohoa.

"Bibi shamba, na ndizi zangu je? Siku hizi zinaiva upande mmoja tu. Mimi nilidhani..."

"Ulidhani nini, mama?" mke wangu akauliza.

"Nilidhani umeziendea kwa mganga."

"Mimi!"

"Kila saa umo humu! Unafungua mlango, unafungua dirisha, unanusanusa! Nikawa nakuja kuangalia hiyo rafu yako umeficha nini!"

"Akifungua, ethilini inatoka nje," bibi shamba akasema. "Ndizi zinakosa ujumbe wao. Mmeharibiana biashara, na hakuna aliyemroga mwenzake."

Nilicheka mpaka machozi. Wenzangu hawakucheka. Mke wangu aliinuka, akaenda chumbani, akatoka na begi la mama. Nikadhani anamfukuza. Lakini alilikumbatia kifuani, hakulitua.

"Mama, nimekukosea sana. Nilikuita jina ambalo hata adui haitwi. Nisamehe. Usiondoke."

Mama alipangusa macho kwa kiganja. "Na mimi nimekukosea, mwanangu. Lete hilo begi. Nikiondoka nani atamtunza huyu fundi? Hata kuku wamemshinda."

Tulihamishia trei barazani na kuzizungushia wavu. Nikazitoboa chini ili maji yatoke. Sasa mke wangu anachovya kidole udongoni kwanza. Juu pakiwa pakavu, ndipo anamwagilia. Miche iliyooza mizizi tuliitupa. Iliyobaki ilitoa majani mapya yaliyosimama wima, na wakulima wakaichukua. Ndizi zimebaki stoo peke yao na papai lao, na zinaiva zote kwa pamoja.

Jana jioni niliwakuta jikoni wananong'ona. Nilipoingia, wakanyamaza. Nikatoka, nikatega sikio nyuma ya mlango.

"Anakoroma tangu utotoni," mama alikuwa anasema.

"Na mimi nikimwambia, anasema naota!" mke wangu akajibu, wakacheka hadi wakagongana.

Walikuwa wananisengenya mimi. Nikaondoka kimyakimya, nimefurahi kweli.