Soda Saa Nne Kamili

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, simu ya Chiriku ilitetemeka mara moja.

*Shangazi kameza sindano.*

Aliacha chai ikifuka mvuke mezani, akashuka ngazi mbili mbili.

Waliompa jina hilo walikuwa na utani. Chiriku ni ndege wa kelele, na mwanamke huyu aliweza kushinda kutwa nzima bila kusema maneno kumi. Kazi yake ilikuwa moja tu: kulinda mitambo ya nchi dhidi ya watu wanaopenya kwenye kompyuta zinazoiendesha.

Shangazi ulikuwa mtambo wa maji wa jiji.

Sindano ilikuwa programu ya adui.

Hilux ilinguruma. Akabonyeza spika ya simu.

"Sema, Mkuu."

"Tumenasa mazungumzo yao. Wameingiza programu kwenye kidhibiti cha pampu za soda. Saa nne kamili, pampu zote zinafunguka mpaka mwisho."

Soda kali hutiwa kwenye maji kwa matone ili kuyaondolea asidi. Matone ni dawa. Mapipa huchoma koo la mtoto kama moto.

"Wamepitia wapi?"

"Mwanya uleule wa zamani. Waliotengeneza mfumo walileta kiraka cha kuuziba miezi sita iliyopita. Pale mtamboni hawakukiweka."

"Kwa nini?"

"Muulize msimamizi wa zamu. Simu zangu hapokei."

"Mtu wao?"

"Yumo ndani. Sura hatuijui."

Simu ikakatika. Zilibaki dakika thelathini na tano.

"Ee Mungu," Chiriku alisema taratibu, "mikono ni yangu, nguvu ni zako." Akakanyaga mafuta.

Chumba cha uendeshaji kilikuwa juu kabisa ya jengo. Skrini nne, zote kijani. Mbele yake alikaa mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi kama la harusi. Vijana wa zamu walimwita Mzee Valvu.

"Shikamoo, mzee. Zima maji."

"Marahaba. Na wewe ni nani, mpaka unizimie jiji kama taa ya chooni?"

Chiriku aliweka kitambulisho mezani. Mzee alikisoma mara mbili. Sauti ikapungua.

"Mwanangu, si unaona? Kila kitu kijani."

"Skrini inakuonyesha wanachotaka uone. Kiraka hukukiweka. Kwa nini?"

Mzee Valvu aliangalia dirishani.

"Kinataka mtambo usimame siku mbili. Mke wangu anasafishwa damu hospitali, leo anakwenda, kesho anapumzika, kesho kutwa anakwenda tena. Hospitali inakunywa bomba letu, na mashine zile hazina subira. Tarehe yoyote ninayopanga inamwangukia yeye."

"Ungeomba maboza ya maji."

"Niliomba. Barua imelala mezani kwa mtu mpaka leo. Nami kila wiki nikasema, wiki ijayo."

"Leo ni zamu yake?"

"Yuko kwenye mashine hivi sasa. Ndiyo maana sizimi." Akainua kidole. "Tena hawawezi kuingiza kitu. Kidhibiti kina ufunguo. Ukiugeuza upande wa kuendesha, programu haibadiliki hata aje ibilisi na ukoo wake."

"Na sasa umegeuzwa upande gani?"

Mzee alishusha kidole.

"Mzee."

"Upande wa kuandika," alisema. "Fundi wa mkataba alichoka kushuka ngazi themanini kila anaporekebisha kitu. Nikamwambia, basi, uache hivyohivyo."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu."

"Yuko wapi huyo fundi?"

Mzee aliinuka kitini.

"Ameshuka chini. Sasa hivi."

Casio ya Chiriku ilisema saa tatu na dakika arobaini na nane.

Ukumbi wa pampu ulinguruma hadi meno yakatetemeka. Kabati la kidhibiti lilikuwa wazi. Ndani yake, nyuma ya nyaya, kiboksi kidogo cheusi kilikuwa kinakonyeza taa. Modemu, njia yao ya mtandao. Mbele ya kabati alisimama kijana nadhifu mwenye glavu nyeupe.

"Fundi Glavu!" Mzee alipaza sauti. "Unafanya nini, mwanangu?"

"Namalizia kazi, mzee. Si uliniachia mlango wazi?"

Chiriku alitoa bastola yake, Glock.

"Geuza ufunguo."

Glavu alitabasamu. Aliuchomoa, akaurusha kwenye mfereji wa maji yaendayo kasi.

"Umechelewa, dada. Ng'oa modemu, vunja kabati, fanya utakalo. Kidhibiti kina saa yake chenyewe."

Kisha akamrushia spana.

Chiriku aliinama. Spana ilipita juu ya sikio. Alimfikia kwa hatua tatu, akampiga goti tumboni, akamfunga pingu kwenye bomba.

Dakika tisa.

Alibonyeza kitufe chekundu cha dharura. Pampu hazikusita. Nyaya zake zilikuwa zimekatwa. Alikimbilia swichi kuu ya umeme. Mpini ulikuwa umekatwa kwa msumeno.

"Vali ya mkono!" Mzee alipaza sauti. "Chini ya tangi la soda! Haijaguswa miaka tisa!"

Gurudumu la chuma lilikuwa na kutu nyekundu. Walilishika wote wawili. Halikusogea hata unywele.

Dakika sita.

Mzee Valvu aliliachia.

"Nipe simu yako."

Akapiga namba aliyoijua kwa moyo.

"Sista, mimi wa mtambo wa maji. Fungeni bomba linaloingia kwenu. Sasa hivi. Tumieni tangi la juu."

Sauti ya muuguzi ilisikika kali. "Mzee, tangi halitoshi hata kwa muda wa saa mbili! Nina wagonjwa kumi na wawili kwenye mashine!"

"Najua. Mmoja ni wangu. Funga."

Alirudisha simu bila kumtazama mtu. Akaokota bomba refu la chuma, akalipenyeza kwenye gurudumu.

"Mimi navuta. Wewe sukuma. Na kama unajua sala, isome kwa sauti."

Chiriku aliisoma kwa sauti.

Gurudumu lililia. Robo mzunguko. Nusu. Kiganja cha mzee kilichanika, damu ikachanganyika na kutu.

Dakika moja.

Mzunguko mmoja. Miwili.

Saa nne kamili pampu zilipiga yowe. Bomba la soda liliruka kwenye vishikizo vyake kama nyoka aliyekanyagwa. Tone moja lilipenya kwenye kiungo, likadondokea mkono wa shati la mzee, kitambaa kikaanza kuliwa.

"Vuta!"

Mzunguko wa tatu. Gurudumu likagota.

Tone la pili halikuja.

Mzee alikimbilia mfereji, akachovya karatasi ya kupimia. Wote wawili waliiinamia. Ingegeuka zambarau, jiji lingekuwa linazikana.

Ilibaki kijani.

Mzee Valvu aliketi sakafuni, maji yakamlowesha suruali.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Nilikuwa namlinda mke wangu kwa kuwafungulia wauaji."

Chiriku alipiga simu.

"Mkuu, sindano imetoka. Mtu wao nimemfunga kwenye bomba. Nataka maboza manne hospitali ndani ya saa moja, na mengine mpaka kesho kutwa."

"Mpaka kesho kutwa? Kuna nini?"

Chiriku alimsogezea mzee simu mdomoni.

"Nazima mtambo," Mzee Valvu alisema. "Siku mbili. Naweka kiraka."

Maboza yalifika hospitali tangi likiwa limebaki robo. Muuguzi alipiga simu mwenyewe: wagonjwa wote kumi na wawili walimaliza salama, na mke wa mzee alikuwa anauliza nani amemtibulia mumewe akili mpaka akapiga simu akifoka.

Chiriku alivaa miwani ya jua, akatoka bila kuaga.

Nje ya uzio, foleni ya ndoo ilishaanza kwenye bomba kavu. Mama mmoja alimwona akifungua mlango wa Hilux, akamrushia maneno.

"Hebu ona! Hawa watu wa maji wamelala tena!"

"Wamelala, mama. Kinga maji ya mvua ukiyapata. Ni siku mbili."

"Siku mbili! We, umejuaje?"

Hilux ilikuwa imeshakata kona.