Shati Nililolishona Bila Kuulizwa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni mikono ya shati: ilikunjwa sawasawa, kama iliyopimwa kwa futi. Siku hiyo ukumbi wa maigizo ulijaa watu waliokuja kujaribiwa, wakisukumana na kukariri maneno. Yeye alikuja moja kwa moja kwenye cherehani.

"Dada, nimeambiwa hili nimkabidhi fundi."

Fundi ni mimi. Nilipokea mfuko bila kumtazama usoni. Ndani mlikuwa na shati lake la jeshi, alilotoka nalo vitani, ili nishone mengine ya mchezo wetu wa vita kwa mfano wake.

Akawa anakuja kuwasahihisha waigizaji. Walipopiga ngoma kubwa kuigiza ndege ya mabomu, alitikisa kichwa.

"Ile ndege haina rubani, jamani. Inavuma kama nyuki aliyenaswa chupani. Unaizoea, ndiyo ubaya wake."

"Na mimi nikifa nipige kelele kiasi gani?" aliuliza mwigizaji mkuu.

"Wewe ukifa utatuhutubia kwanza, tunakujua."

Tulicheka wote. Mazoezi yakiisha, yule askari alikuwa akinipigia simu.

"Fundi, leo umesema maneno matatu. Kesho tufike manne."

"Sawa."

"Hilo ni moja. Haya, usiseme kitu, mpenzi. Endelea kushona, nisikilize cherehani."

Shati lake lilikuwa limechanika begani. Kwa kumpenda, nililifua, nikaliziba lile tundu kwa mkono, hata mshono usionekane. Nilimpa mbele ya watu. Akapapasa bega, uso ukambadilika.

"Nani alikwambia ushone?"

Akaliacha juu ya meza, akaondoka. Siku tatu simu haikupokelewa.

Mama mwongozaji wa mchezo ndiye aliyeniambia. "Mwanangu, hapo begani ndipo mwenzake wa vitani alipomshika akikata roho. Ndiyo sehemu tuliyomwomba atuonyeshe."

Nilichukua wembe, nikafumua mshono wangu uzi mmoja mmoja. Nikalipeleka shati kwa dada yake, anakoishi. Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, macho mekundu.

"Nimefumua," nikasema. "Tundu limepanuka kidogo. Na sabuni niliyolifulia siwezi kuitoa. Nisamehe."

Alilitazama muda mrefu. Kisha akacheka kidogo, machozi yakimtoka.

"Hata adui hakulifanya hivi." Akanishika mkono. "Sikukukasirikia wewe. Nilidhani sasa hakuna kitu cha kuonyesha kwamba alikuwepo. Kesho nitawaonyesha alivyonishika. Utakuja?"

"Nitakaa mbele kabisa."

Akatazama chini.

"Lakini mama yako atasemaje? Mwanawe na mtu anayeshtuka hata sufuria ikianguka?"

Safari hii nilimtazama usoni.

"Mama nimeshamwambia kwamba nakutaka," nikasema. "Ulikuwa umebaki wewe tu kuambiwa."