Sarafu ya Malkia Mjane

Jumanne ile ilikuwa asubuhi njema tu, jua limeingia mpaka jikoni, kitovu cha mwanangu Iria kimedondoka, nikasema leo mtoto anaoga beseni zima. Huku kwetu Minho mtoto wa kike huogeshwa mara ya kwanza na dhahabu ndani ya maji, baba yake akiwa nyumbani. Lakini mume wangu Abílio alishakwenda kwenye machimbo ya mawe, mtoto analia, maji yanapoa, nami sikungoja.

Nikatumbukiza sarafu ya Kireno ya ukoo wa mume wangu, ile wanawake huivaa kifuani siku za sikukuu: dhahabu ya Brazili, mwaka 1785, Malkia Maria na mfalme mumewe, vichwa viwili vimebanana.

Nilipoitoa, kichwa kilikuwa kimoja. Malkia peke yake. Amejitanda ushungi.

Shuleni tulifundishwa kwamba mfalme alikufa mwaka uliofuata, na sarafu mpya zikamwonyesha malkia na ushungi wa ujane. Lakini hizo ni nyingine. Hii ilikuwa mkononi mwangu, inadondosha maji.

Mama mkwe wangu, Dona Zulmira, aliitazama, akaketi.

"Hukumsubiri mumeo," alinong'ona. "Bibi yake Abílio alifanya hivihivi. Jioni mumewe akaletwa kwa machela. Baada ya mazishi, vichwa vikarudi viwili."

"Sasa?"

"Tafuta nguo nyeusi, mkamwana. Hatubishani na dhahabu."

"Nyeusi vaeni nyinyi mliozoea, mama. Mimi sina!"

Nikamfunga Iria kifuani kwa shali, nikakimbia kwa sonara, Mzee Custódio.

"Iyeyushe."

"Una wazimu, binti? Sarafu ya kifalme hii!"

"Iyeyushe, baba, au nipishe nivukute moto mwenyewe!"

Akavukuta. Uso wa malkia ukalainika. Pua ikaenda. Ushungi ulikuwa wa mwisho.

Adhuhuri, nimesharudi nyumbani, Abílio akaingia, mzima, amenuna.

"Wewe mwanamke, unaniita machimboni halafu unajificha? Nimeacha nyundo nikufuate, nyuma yangu jiwe likaporomoka palepale niliposimama!"

Sikufika machimboni. Sikumwambia.

Alivua shati ajioshe vumbi. Ndipo nikaona. Mstari mwembamba, umezunguka shingo yote, palepale kichwa cha mfalme kilipoishia kwenye sarafu, kama kovu la miaka mingi. Haumuumi. Jana haukuwepo.

Mama mkwe akajifunika uso. Mimi nikaubusu mstari ule mbele yake, polepole, mpaka nikaumaliza wote.