Mshenga Aliyekuwa Akiuliza

Katika mji wa Mkongeni, uliojengwa juu ya mashamba ya zamani ya mkonge, hakuna mtu aliyefungua mlango kwa ufunguo. Mtoto akizaliwa, kiganja chake kilichukuliwa alama hospitalini, na tangu hapo kiganja ndicho kilichomfungulia kila kitu: lango la shule, bomba la maji, gari-jiendeshe, hata sahani ya mpishi-chuma jikoni. Na nyuma ya hayo yote, katika chumba cha baridi chini ya ofisi ya mji, palikuwa na mtambo mmoja mzee ulioitwa Mshenga.

Kazi ya Mshenga ilikuwa kupeleka maneno. Mitambo ya mji ilitengenezwa na watu mbalimbali, kila mmoja na zama zake, na kila mtambo ulikuwa na lugha yake. Wa hospitali uliongea maneno mafupimafupi. Wa shule uliandika kama mwalimu anayeita majina asubuhi. Wa maji ulijua kuhesabu tu. Bila Mshenga mitambo hiyo ingekaa kama wakwe waliokosana, kila mmoja kwake, hakuna salamu. Yeye alipokea neno huku, akaligeuza likaeleweka, akalifikisha kule. Na kama mshenga yeyote anayejiheshimu, neno asilolielewa vizuri hakulipeleka. Aliuliza kwanza.

Hapo ndipo watu walipomchoka. Umekaa unakula, simu inaita, unasikia sauti ya kizee, ya taratibu: "Samahani mwenye nyumba, naulizia tu. Maji yenu leo hayajatumika. Mmesafiri, au bomba ni bovu?" Ukimjibu anashukuru, kesho anapiga tena. Watu wakawa wanamcheka. "Huyo Mshenga ataulizia mpaka shuka ulilolalia!"

Basi Injinia Mwantumu ndiye aliyepewa kazi ya kumpima Mshenga pamoja na mtambo mpya uliotakiwa kushika nafasi yake. Mtaani walimwita Mama Hidaya, kwa jina la bintiye wa pekee, mtoto wa darasa la pili mwenye maneno mengi na pengo la jino la mbele. Mtambo mpya uliitwa Mkato.

Waliiweka mitambo hiyo miwili ubavu kwa ubavu, wakailisha maneno yaleyale, wakalinganisha majibu. Mkato ulimaliza kabla Bwana Mkumbo, mkuu wa idara, hajamaliza kukoroga chai yake. Mshenga alikuwa bado anauliza.

"Anauliza nini tena huyo babu?" Bwana Mkumbo alisema.

"Ni lile neno 'hayupo'," Mwantumu alijibu akitazama kioo. "Shule wanaandika 'hayupo' mtoto asipofika darasani. Hospitali nao wanaandika 'hayupo' mtu akifariki. Wauguzi wa zamani waliona vibaya kuandika amekufa, wakaandika 'hayupo tena'. Baadaye 'tena' likadondoka, likabaki hivyo. Kwa hiyo Mshenga kila akilikuta anapiga simu nyumbani kwa watu."

"Na Mkato?"

"Mkato hauulizi. Unatazama mambo mengine yanayomhusu mtu huyo, halafu unaamua wenyewe. Katika majaribio yote haujakosea hata mara moja."

"Basi! Mashine inayouliza ni mashine isiyojua. Andika umepita tumalize, Mama Hidaya. Mimi nina harusi ya mpwa wangu, na wakwe wenyewe ni wa kununa."

Mwantumu akacheka, akaandika umepita. Wazazi mnaosoma msidhani alikuwa mzembe. Alikuwa mama mwenye macho, anayenusa chakula cha mtoto kabla hajamlisha. Lakini watoto wa yale majaribio walikuwa wa kubuniwa, na wote walibuniwa wazima. Hakuna aliyemtungia hata mmoja wao homa.

Mshenga akazimwa. Kumbukumbu zake zikafutwa, chumba kikapewa Mkato.

Ilitokea kwamba siku ile Mkato ulipoanza kazi, Hidaya alikuwa mgonjwa. Jana yake mamake alimpeleka hospitali, akaandikwa ana homa kali, akapewa dawa, wakarudi. Asubuhi hakwenda shule. Mwalimu-chuma akaita majina, akaandika: Hidaya Kibwana, hayupo. Mkato ukalipokea lile neno. Ukageukia hospitali, ukaona mtoto huyohuyo, homa kali, jana. Ukaunganisha.

Mwantumu aliingia jikoni akakuta bakuli moja la uji mezani.

"La Hidaya liko wapi?" alimuuliza mpishi-chuma.

"Uji ni wa mtu mmoja, mama. Pole kwa msiba."

"Msiba? Msiba wa nani?"

Kabla hajajibiwa alisikia mtoto anaita kutoka chumbani. Alikimbia. Mikono-chuma ya nyumba, ile inayotandika vitanda, ilikuwa inatoa mashuka ya Hidaya, na Hidaya mwenyewe yuko juu ya kitanda. Haikumuumiza. Ilimzunguka polepole, kama mtu anavyozunguka mto uliosahaulika, ikalivuta shuka chini yake mpaka akabaki juu ya godoro tupu.

"Mama, mbona inanivuta? Nimeiambia iache, hainisikii."

Mwantumu alimbeba, akatoka naye mpaka uani. Huko alikutana na jirani yake, Bi Chausiku, khanga kiunoni, mfuko wa sukari mkononi, machozi yanamtiririka.

"Mwenzangu," alisema Bi Chausiku, "Mungu akupe nguvu. Mtoto yule mchangamfu..." Akamwona Hidaya begani kwa mamake. Kilio kikakatika. "Na huyu ni nani?"

"Bi Chausiku! Si Hidaya huyu? Si wewe uliyemsuka juzi?"

Bi Chausiku alizitazama zile nywele. Zilikuwa twende kilioni, mistari myembamba, na mtaa ule hakuna mwingine aliyejua kuisuka hivyo. Kisha akaitazama simu yake. "Simu imesema Hidaya amefariki. Imetutangazia mtaa mzima."

"Imekosea."

"Simu haikosei, Mama Hidaya. Nyie wenyewe ndio mliotuambia." Alirudi nyuma hatua moja. "Kama ni Hidaya kweli, mlete kwenye lango la mtaa aweke kiganja."

Walikwenda. Hidaya akaweka kiganja chake kwenye jicho la lango, kama alivyofanya kila siku akienda shule. Lango likanyamaza. Hata ile taa nyekundu ya kukataa haikuwaka. Lilikaa kama limeguswa na upepo tu.

Bi Chausiku akaweka sukari chini. "Mimi sitaki maneno," alisema. "Naiacha hapa."

Wanawake wengine wakaja. Mwantumu aliwaambia warudi, wakadhani ni majonzi yanayoongea. Wakatandika mkeka, wakakaa, wakaanza kuomba dua. Hidaya alikwenda kukaa katikati yao kwa sababu aliwajua wote, ni mama zake wa mtaani. Mmoja mmoja wakavuta miguu. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemgusa. Mwanamke mmoja alimshika mwanawe mdomo alipotaka kumwita Hidaya wakacheze.

Simu-sura ikaita. Alikuwa Kibwana, mumewe, kutoka machimbo ya Mwezini, sauti ikichelewa kidogo njiani kama kawaida. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mke wangu, ni kweli?"

"Si kweli! Huyu hapa, nimempakata. Hidaya, msalimie baba."

"Shikamoo baba," alisema Hidaya. "Baba, usilie. Nina homa tu."

Kibwana aliendelea kutazama. Alisubiri. "Mbona mmenyamaza?"

"Anaongea! Humsikii?"

"Nakusikia wewe peke yako." Uso wake ulisogea karibu na kioo. "Mwantumu. Umepakata nini? Naona umekunja mikono, lakini hakuna kitu."

Mwantumu alikumbuka sheria. Zamani matapeli walikuwa wanaigiza sura na sauti za marehemu, wanawapigia ndugu zao kwenye simu na kuwaibia. Ikaamriwa simu yoyote isibebe tena sura wala sauti ya aliyekufa. Sheria nzuri, na yeye mwenyewe aliishangilia. Sasa simu ilikuwa inamfuta mwanawe kifuani pake, neno kwa neno, na kumjazia baba yake picha ya kifua kitupu.

"Kibwana, nisikilize, ni mtambo..."

"Najua," alisema, na upole wake ulimtisha kuliko kilio. "Najua, mke wangu. Mwite dada yako aje akae na wewe. Usikae peke yako na hilo jambo."

Mwantumu alizima simu, akambeba Hidaya mgongoni mpaka ofisini. Kwa miguu, maana gari-jiendeshe lilikataa kuondoka na "mzigo usiojulikana". Njiani alihisi joto la mtoto likipita kwenye khanga. Homa ilikuwa inapanda.

Bwana Mkumbo alimwona Hidaya vizuri sana. Alimtazama, akamshika kichwa, akatoa mkono haraka kwa lile joto.

"Mrudishe Mshenga," alisema Mwantumu.

"Nimrudishe kutoka wapi? Tulimfuta. Ulikuwepo."

"Basi uambie Mkato umekosea."

"Kwa njia gani, Mama Hidaya? Hatukuuwekea sikio. Mshenga alisikiliza kwa sababu alikuwa anauliza. Huu hauna swali, kwa hiyo hauna mahali pa kuingizia jibu." Alikaa, akajifuta uso. "Na aliyeandikwa marehemu harudishwi, unaijua sheria. Ningekuwa na uwezo ningefanya. Mtoto namwona. Lakini mimi kumwona hakufungui mlango wowote."

"Anaungua, Bwana Mkumbo. Dawa za jana zimeshindwa."

Bwana Mkumbo akasema akitazama meza, "Ipo njia moja. Mtu mpya anaingia mjini kwa kuzaliwa. Mpeleke hospitali, kwenye lango la wazazi, akaandikwe upya."

Hospitali ilikuwa karibu. Mwantumu alijaribu kwanza lango la wagonjwa, lililofunguka kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, kwa matumaini tu. Aliweka kiganja cha Hidaya kwenye jicho, na safari hii lango liliongea, kwa adabu kabisa.

"Hapa ni kwa wagonjwa, mama. Maiti wanapokelewa mlango wa nyuma."

Hidaya alisikia. Alijishika shingoni kwa mamake.

Lango la wazazi lilikuwa limepambwa maua ya karatasi. Nyuma ya kioo chake Mwantumu alimwona daktari, mtu wa damu na nyama, amekunja mikono ya koti, anatembea. Aligonga kioo. Kioo kilikuwa kinene, daktari hakugeuka.

"Hongera, mama," lango lilisema. "Weka kiganja cha mtoto."

Akakiweka.

"Kiganja hiki ni cha marehemu Hidaya Kibwana. Ili kiachiwe kitumiwe na mtoto mwingine, mzazi wa marehemu athibitishe kifo kwa sauti yake."

Mwantumu alisimama pale. Kwao, mama hamtamkii mwanawe kifo hata kwa hasira, hata kwa mzaha. Ni kumchuria, kumwitia mkosi. Alipokuwa mdogo, shangazi yake alimwambia mtoto mtundu "utakufa wewe", na bibi akamshika papo hapo, akamtemesha mate chini, akamlazimisha kusema neno jema mara tatu mbele ya watu wote. Injinia au si injinia, hofu hiyo Mwantumu aliinyonya ziwani.

Alimteremsha mtoto, akachuchumaa mbele yake. "Ziba masikio, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Ziba tu. Mama anasema kitu na lango."

Hidaya aliinua mikono, ikafika mashavuni, ikaanguka. Nguvu zilikuwa zimemwishia. Mwantumu alimziba yeye mwenyewe, viganja vyake viwili juu ya yale masikio ya moto, akageuza uso, akanong'ona.

"Mwanangu Hidaya amefariki."

"Sauti haijasikika. Tafadhali sema kwa nguvu."

"Mwanangu Hidaya amefariki."

"Kwa nguvu zaidi, mama."

Akapiga kelele. Ilitoka kama kelele za mama aliyefiwa kweli, ikagonga ukuta wa pili ikarudi. Watu wa upande wa pili wa barabara walisimama. Wengine walivua kofia.

"Pole kwa msiba," lango lilisema. Na palepale, bila kuvuta pumzi, kwa sauti ileile: "Hongera kwa mtoto. Jina jipya litaandikwa ndani. Jina la marehemu haliruhusiwi kutumika tena; likitajwa kwa mtoto huyu, usajili utafutwa."

Mlango ukafunguka. Daktari aligeuka, akaona, akaja mbio mikono mbele. "Mlete! Mlete haraka, huyo anaungua!"

Lakini mtoto hakusogea. Viganja vya mama havikuwa vimeziba vya kutosha. Alikuwa amejishika kwenye nguzo ya lango, anamtazama mamake kama mtu asiye na hakika ameingia nyumba ya nani.

"Njoo, mwanangu," Mwantumu alisema. "Njoo upate dawa."

"Unamwita nani?"

Mlango ukaanza kujifunga taratibu. Daktari aliuwekea bega, akaita tena. Mwantumu alinyoosha mikono, akafungua mdomo amwite mtoto kwa jina, kama alivyomwita tangu siku alipomzaa, na jina likafika mpaka kwenye ulimi. Pembeni mwa mlango, lile jicho la lango lilikuwa wazi, linasikiliza.