Risper Anachagua Ndege

Asubuhi hiyo Risper alikuwa akianika njugu kwenye turubai nje ya nyumba yake, Lambwe. Kuku walikuja kudonoa. Aliwafukuza kwa leso. Mara simu ikalia. Alikuwa binti yake, Joyline, ambaye ni muuguzi nchini Kanada.

"Mama, viza yako imetoka!"

Risper alipiga kigelegele. Kuku wote wakakimbia.

Joyline alikuwa na mimba ya kwanza. Daktari alikuwa amepanga kumzalisha kwa upasuaji siku ya Alhamisi, wiki tatu zijazo. Mume wake, Gichana, alikuwa mwenye upendo, lakini hakuwa amewahi kubeba mtoto mchanga.

"Mama, fika kabla sijaingia huko ndani," Joyline alisema. "Naogopa."

"Nitafika, mama yangu," Risper akamjibu.

Jumapili, Byron alikuja nyumbani kutoka mjini Homa Bay. Byron ni mwana wa Risper. Kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha. Aliketi sebuleni na simu mkononi, akitabasamu.

"Mama, nimepata tiketi! Hakuna bei ya chini kama hii. Nalipa sasa hivi."

Wakati huo jirani yao aliingia na maziwa. Jina lake ni Nchagwa. Ni Mkuria wa Kehancha aliyenunua shamba Lambwe. Kabla ya kurudi kwa ukulima, alifanya kazi kwenye uwanja wa ndege Nairobi kwa miaka kumi na moja. Alikuwa akisukuma wazee na wagonjwa kwa viti vya magurudumu.

"Ngoja kidogo, kijana yangu," Nchagwa alisema. "Kabla hujalipa, nisomee hiyo tiketi."

Byron akasoma. Zilikuwa ndege tatu. Safari ingechukua saa arobaini na tatu. Katika uwanja mmoja wa Ulaya, Risper angengoja saa kumi na tisa.

"Ni tiketi moja ama mbili?" Nchagwa aliuliza.

Byron akaangalia tena. "Ni mbili. Kampuni mbili tofauti. Kwani kuna shida gani?"

"Shida iko. Kwa hii yako, mama akifika Ulaya, atachukua begi lake, atoke nje, kisha ajiandikishe upya kwa kampuni ya pili. Kutoka nje ni kuingia nchi ya watu. Ako na viza ya hiyo nchi?"

"Ako na ya Kanada tu."

"Basi hata Nairobi wangeweza kumkataza kupanda."

Risper alishika kifua. "Byron! Ulitaka nirudi Lambwe na begi langu?"

"Mama, mimi nilidhani ndege ni ndege," Byron alisema kwa aibu.

Nchagwa alicheka. "Wengi hudhani hivyo. Nimeona wazee wakilia pale uwanjani. Pesa walikuwa nazo. Tiketi ndiyo ilikuwa mbaya." Kisha akaendelea, "Tena ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina habari na wewe. Lakini tiketi ikiwa moja mpaka mwisho, ni kazi yao kukutafutia ndege nyingine. Na begi linaenda mpaka mwisho."

Byron alitafuta upya. Alipata tiketi nyingine, bei yake juu kidogo.

"Hii ni moja," alisema. "Anabadilisha ndege mara moja tu. Anangoja lisaa limoja."

"Lisaa limoja ni kidogo kwa mtu anayeumwa magoti kama mama. Tafuta ya masaa matatu ama manne."

Walipata moja ya kungoja kwa saa tatu na nusu. Ile ya bei ya chini haikuruhusu begi kubwa. Hii iliruhusu mawili, na chakula kilikuwa ndani ya bei. Walipohesabu begi na chakula, tofauti ikawa ndogo sana.

"Afike siku gani?" Byron aliuliza.

"Jumatatu," Risper alisema haraka. "Jumatano ni karibu sana na upasuaji."

"Sawa kabisa," Nchagwa alisema. "Sasa pigia kampuni. Uliza kama mtu wa pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya kubadilisha ndege pale, bila kutoka nje."

Byron akapiga. Haikuhitajika. Kisha Nchagwa alimwambia aombe kiti cha magurudumu.

"Hicho kiti ni pesa ngapi?" Risper aliuliza.

"Ni bure, mama. Lakini uombe mapema, siku mbili ama zaidi kabla ya safari. Pia omba chakula cha mtu mwenye ugonjwa wa sukari kama wewe. Na insulini yako usiweke kwa begi kubwa, huko chini kwa mizigo inaweza kuganda kwa baridi. Beba mkononi na barua ya daktari."

Byron alianza kuandika jina la mama yake.

"Unaandikaje?" Nchagwa aliuliza.

"Risper. Kila mtu anaandika hivyo."

"Leta pasipoti."

Kwenye pasipoti, jina lilikuwa Rispah. Byron alifuta, akaandika herufi kwa herufi. Ndipo akalipa.

Siku ya safari, Byron alimsindikiza mama yake hadi Nairobi. Ndege ilichelewa kuondoka kwa saa nne. Risper alipofika kwenye uwanja wa kubadilisha ndege, ndege ya Kanada ilikuwa imeshaondoka.

Lakini mlangoni mwa ndege alikuta kijana akimsubiri na kiti cha magurudumu. Alimsukuma mpaka kwa dada wa kampuni. Dada huyo aliangalia tiketi, akampa tiketi ya ndege nyingine, akampa na kuponi ya chakula.

"Na begi langu?" Risper aliuliza kwa Kiingereza chake kidogo.

"Litaenda nawe, mama," dada alimjibu.

Risper alifika Jumanne asubuhi badala ya Jumatatu. Gichana na Joyline walimpokea. Joyline alimkumbatia mama yake mpaka watu wakaanza kuwazunguka ili wapite.

Alhamisi, Joyline alipolazwa kwenye kitanda cha kupelekwa chumba cha upasuaji, Risper alimshika mkono hadi mlangoni. Baada ya muda alisikia kilio chembamba. Alikuwa msichana.

Lambwe ilikuwa jioni. Byron na Nchagwa waliinamia simu moja. Walimwona Risper akiwa na mtoto mapajani, na Gichana kando yake akijifunza kushika shingo ya mtoto.

"Nchagwa!" Risper aliita. "Ndege ilichelewa. Mimi sikuchelewa!"

"Asante Mungu," Nchagwa alisema. "Sogeza simu, mama. Tumuone mgeni vizuri."